Majaruba ya Ifugao kwa basi: mwongozo kamili wa kuzunguka vijiji vya milimani Ufilipino ukiwa na shanta mgongoni

Basi la usiku kutoka Manila hufika mji wa Banaue alfajiri, na mtu wa kwanza kukupokea mlangoni ni dereva anayekuuliza kama unakwenda kijiji cha Batad na kurudi leo hiihii. Mwongozo huu nimeuandika ili ukifika pale uwe na jibu tayari: Batad nakwenda, lakini kurudi ni keshokutwa.

Wageni wengi wanashuka, wanapiga picha juu ya Banaue, wanakimbizwa Batad, na jioni wanapanda basi la kurudi. Majaruba haya ni mashamba ya watu, yana wenyewe na yanalimwa. Shamba la mtu hulielewi kwa saa tatu. Kila ushauri nitakaoutoa hapa, wa msimu, wa fedha, wa viatu, umejengwa juu ya kulala kijijini angalau usiku mbili.

Unakwenda kuona nini hasa

Ifugao ni mkoa katika milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Aliyezoea majaruba ya Mbarali au Mwea, yaliyolala tambarare, atashangaa kwanza: haya yamepangwa moja juu ya jingine kwenye ubavu wa mlima, kuta zake zimejengwa kwa mawe au udongo, na yanapanda hadi kwenye miinuko ya kama mita 1,500. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, na kuanzia 2001 hadi 2012 yalikuwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Maeneo yaliyoorodheshwa ni matano. Batad imejipinda kama nusu bakuli, kijiji kikiwa chini. Bangaan imezunguka kijiji kidogo cha nyumba za jadi. Hungduan imetandaa kama utando wa buibui. Mayoyao ina nyumba za wakulima zilizotawanyika katikati ya mashamba. Nagacadan, katika wilaya ya Kiangan, imepanda pande mbili za mto. Yale yanayoonekana kutoka kwenye kituo cha kutazamia juu ya mji wa Banaue, ambayo ndiyo maarufu zaidi, na picha yake ipo nyuma ya noti ya piso 20, hayamo katika hayo matano. Ukiishia pale, ule urithi wenyewe hujaufikia.

Kuhusu umri, kila mahali utaambiwa "miaka 2,000". Makadirio hayo yanatoka kwa wasomi wa mwanzoni mwa karne ya 20, Roy Barton na Henry Otley Beyer. Mwanaakiolojia Stephen Acabado, aliyechimba katika kijiji cha kale cha Kiyyangan, ameonesha kwamba mpunga wa majaruba ulienea kule baada ya Wahispania kufika, yaani kama miaka 400 iliyopita, watu walipopanda milimani kuukimbia utawala wao. Kabla ya mpunga walilima magimbi. Kwangu mimi umri huo mfupi unaongeza uzito. Watu waliokataa kutawaliwa waliugeuza mlima mzima kuwa chakula katika vizazi vichache tu.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Mpunga wa asili wa kule unaitwa tinawon, na jina lenyewe linatokana na neno la "mwaka", kwa sababu huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Hivyo rangi ya mlima inategemea umefika lini. Kuanzia Januari hadi Machi majaruba yamejaa maji na miche inahamishwa kutoka vitaluni; ukiamka mapema unaona mawingu ndani ya maji. Aprili na Mei ni kijani. Mwishoni mwa Juni na Julai mpunga unageuka dhahabu na mavuno yanaanza. Baada ya hapo utakuta tope, magugu na kuta zinazokarabatiwa, na picha za kutamanisha ni chache.

Tufani huja zaidi kati ya Juni na Novemba, na miezi ya Julai hadi Oktoba ndiyo mibaya. Barabara za Cordillera zimechongwa kwenye kingo za milima, kwa hiyo mvua kubwa moja inaweza kushusha udongo na kufunga njia kwa siku kadhaa. Mimi ningechagua mwisho wa Aprili au Mei. Mvua za mchana zipo, lakini asubuhi huwa safi. Ukitaka kuona mavuno, nenda mwishoni mwa Juni na uongeze siku mbili za akiba.

Epuka Wiki Takatifu kabla ya Pasaka. Manila nzima hurudi vijijini au kupanda milimani, na tiketi za basi huisha mapema. Siku za kuelekea tarehe 1 Novemba, watu wanapokwenda kusafisha makaburi ya wazee wao, hali ni hiyohiyo.

Hatua ya pili: karatasi

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa wamo katika orodha ya nchi zinazoingia Ufilipino bila viza kwa siku 30. Thibitisha tena ubalozini kabla ya kulipia ndege, kwa kuwa masharti hubadilika. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita, na uwe na tiketi ya kuondoka nchini. Maofisa wa mashirika ya ndege huiulizia hata kabla hujapanda. Ndani ya saa 72 kabla ya kufika, jaza fomu ya mtandaoni ya eTravel. Ni bure, hivyo tovuti yoyote inayokudai fedha kwa fomu hiyo ifunge. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani, kwani wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo hutakiwa kuionesha.

Safari nyingi kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe hupitia Doha au Dubai. Manila iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo usipande basi la mlimani usiku uleule uliotua. Lala Manila siku moja.

Hatua ya tatu: shanta na fedha

Shanta iwe ndogo kiasi cha kuweza kuipakata ndani ya jipni, daladala ya kule. Lita 35 au 40 zinatosha. Weka sweta, soksi nene na koti la mvua, hata kama Manila kuna joto la kutoa jasho ukiwa umekaa kivulini. Viatu viwe vyenye meno makali chini. Ndala ni za kukaa nazo kwenye nyumba ya wageni tu, ingawa utawaona wenyeji wakitembea nazo juu ya kuta bila wasiwasi. Wao wamezaliwa pale. Ongeza tochi ya kichwani, dawa ya kichefuchefu na mfuko wa plastiki mzito wa kufunikia nguo.

Fedha taslimu ndiyo inayokwamisha watu. Batad haina mashine ya kutolea fedha, na za Banaue huisha fedha au kugoma. Chukua piso za kutosha safari yote ya milimani ukiwa bado Manila, na utafute noti ndogo ndogo, maana kondakta wa jipni hana chenji ya noti kubwa asubuhi na mapema. Gharama ni za aina mbili. Chakula, kitanda na nauli ya jipni ya abiria hulipwa kwa kichwa na ni nafuu. Gari la kukodi na mwongoza wageni hulipwa kwa safari, kwa hiyo bei ni ileile mkiwa mmoja au wanne. Ongea na abiria wenzako ndani ya basi kabla hamjafika. Wanne mkikubaliana usiku, asubuhi mmeshapunguza gharama kubwa kuliko zote.

Hatua ya nne: basi la usiku

Mabasi ya kaskazini hayana stendi moja kuu kama ya Magufuli pale Mbezi. Kila kampuni ina kituo chake. Kampuni zinazojulikana kwa njia hii ni Ohayami Trans, yenye kituo Sampaloc, na Coda Lines, inayoondokea Cubao katika Quezon City. Nunua tiketi siku mbili tatu kabla. Mabasi huondoka usiku, na safari ya kama kilomita 350 huchukua kati ya saa nane na kumi.

Kiti bora ni cha mbele au katikati, mbali na magurudumu ya nyuma. Kona huanza mkifika mkoa wa Nueva Vizcaya, kwenye njia ya mlimani ya Dalton, na zinazidi baada ya Bagabag, basi linapoacha barabara kuu na kuanza kuupanda mlima kupitia Lagawe, makao makuu ya Ifugao. Aliye nyuma hutupwa huku na huku. Kiyoyozi nacho huwashwa kwa nguvu mpaka alfajiri, na abiria wenyeji hupanda wakiwa na blanketi na kofia za sufu. Lile sweta lisiingie buti pamoja na shanta, likae mapajani. Basi husimama mara mbili au tatu kwa ajili ya chakula na choo. Angalia namba ya basi kabla ya kushuka, maana usiku mabasi yote hufanana.

Hatua ya tano: asubuhi ya Banaue

Ukishuka, nenda kajiandikishe kwenye ofisi ya utalii ya halmashauri na ulipe ada ndogo. Omba uoneshwe orodha ya bei rasmi za magari na waongoza wageni. Ukishaiona, mazungumzo na madereva yanakuwa mepesi na ya kirafiki. Kunywa chai, nunua tiketi ya kuondokea kama unarudi Manila kwa njia hiyohiyo, kisha tafuta usafiri wa Batad, kama kilomita 16 kutoka mjini.

Usafiri ni wa aina mbili. Jipni ni gari refu la abiria, uzao wa magari ya kijeshi ya Marekani yaliyoachwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Kazi yake ni ya daladala. Traisikeli ni pikipiki yenye kibanda ubavuni, nayo kazi yake ni ya bajaji. Jipni ya abiria ni nafuu lakini huondoka chache na kwa saa zake, kwa hiyo uliza palepale unaposhuka. Traisikeli huondoka muda wowote, ila mlima ni mkali na barabara inakurusha.

Njiani mwombe dereva asimame juu ya Bangaan. Kijiji kinaonekana chini kabisa, paa zikiwa zimekusanyika katikati ya majaruba, na kuna ngazi ya kushukia. Nusu saa inatosha kukitazama ukiwa barabarani. Kushuka na kupanda, weka saa mbili.

Hatua ya sita: kuingia Batad

Gari halifiki kijijini. Barabara inaishia mlimani, kisha unatembea kushuka, na ghafla nusu bakuli lote linafunguka mbele yako. Kuna daftari la wageni na ada nyingine ndogo ya kijiji. Lipa, na uweke risiti. Nyumba za wageni za ukingo wa juu zina mandhari nzuri. Zile za chini, ndani ya kijiji, zinakuweka katikati ya watu. Mimi nililala chini, na alfajiri niliamshwa na mlio wa mchi kwenye kinu, sauti niliyokua nayo. Nilitoka nikakaa karibu na mama aliyekuwa akitwanga tinawon, na mchana akanipakulia wali wake: punje nene, harufu nzuri, na mboga tu pembeni.

Mtandao wa simu ni dhaifu. Waambie nyumbani mapema kwamba huenda usipatikane kwa siku mbili.

Kiingereza kinaeleweka na wengi, lakini heshima ina maneno yake. Mwanamke aliyekuzidi umri kidogo mwite manang, mwanamume manong, kama tunavyosema dada na kaka. Ukishukuru kwa Kitagalogi ongeza "po": salamat po. Neno hilo dogo kwa mkubwa lina uzito unaokaribia shikamoo yetu.

Jambo moja litakuvutia kama wewe ni mtu wa pwani. Wazee hutafuna popoo, jani la tambuu na chokaa, kama bibi zetu wa Lamu na Unguja. Wao huuita mchanganyiko huo moma. Ukikaribishwa, kupokea ni ungwana, ila mate mekundu usiteme ovyo. Sehemu nyingi zina mabango ya kukataza.

Hatua ya saba: kutembea juu ya kuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mgeni anapoweza kuharibu kazi ya mtu au kuvunjika mguu.

Kodi mwongoza wageni wa kijiji hata kama unaamini macho yako. Njia zinapita katikati ya mashamba, na anayejua ukuta upi umelegea ni aliyelima pale. Ondokeni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, kabla ya jua kali na mvua ya mchana.

Njia yenyewe ni kichwa cha ukuta. Mahali pengine upana wake ni wa nyayo mbili tu, upande mmoja tope, upande wa pili mteremko unaoweza kufika mita kadhaa. Kanyaga mawe, usikanyage udongo uliosiribwa karibuni. Ukuta mbichi ukibonyea, maji yanavuja usiku kucha. Fimbo usiichomeke kwenye kingo, kwa sababu tundu dogo huwa mlango wa maji. Ukihisi unateleza, angukia ndani, kwenye tope la jaruba. Kuchafuka si kitu. Mkikutana na mkulima mwenye mzigo, tafuta mahali penye nafasi na usimame mpaka apite; yeye ndiye mwenye njia. Shanta kubwa iache kwenye nyumba ya wageni, maana hukuvuta pembeni.

Wageni wengi hushuka hadi maporomoko ya Tappiya. Maji ni mazuri na ya baridi, lakini ngazi ni kali na kurudi ni kupanda tu. Kama magoti hayako sawa, acha. Utatumia vizuri zaidi saa hizo kwa kwenda juu.

Namaanisha hivi: mwombe mwongozaji akupandishe kupita jaruba la mwisho, hadi msituni. Msitu ule unaitwa muyong. Ni mali ya familia, hurithiwa, na humo hutoka kuni, mbao za nyumba na hata popoo. Lakini kazi yake kubwa ni kushika mvua na kuiachia polepole. Maji huingia jaruba la juu, hujaza, humwagikia la chini, na kadhalika mpaka mtoni. Shamba la juu likikauka, udongo hupasuka, na mvua inayofuata huangusha ukuta. Ndiyo maana majaruba huwekwa na maji hata baada ya mavuno. Ukisimama pale juu, ukaufuata mfereji mmoja kwa macho hadi chini, unaelewa kwa nini mtu mmoja hawezi kuacha shamba lake bila kumuumiza jirani wa chini.

Na wanaacha. Vijana wanakwenda miji ya Baguio na Manila kutafuta kazi. Konokono wa dhahabu, aliyeletwa Ufilipino miaka ya 1980 ili afugwe kwa chakula, anakula miche, na minyoo mikubwa inatoboa kuta. Utaona vipande vya mlima vilivyojaa nyasi. Fedha unayomlipa kijana wa kijiji kukuongoza ni sababu mojawapo ya yeye kubaki. Usimkate bei.

Jioni ya pili, tembelea nyumba ya jadi. Imesimama juu ya nguzo nne, kila nguzo ina duara la mbao la kuzuia panya, na moshi wa jikoni hukausha mpunga uliohifadhiwa juu. Ghalani huwekwa sanamu za bulul, walinzi wa mpunga. Sanamu mpya za wachongaji nunua kwa furaha, lakini za zamani usinunue hata ukiletewa kwa siri, kwa kuwa ni vitu vya ibada vya familia. Ukibahatika kusikia akina mama wakiimba hudhud, nyimbo za masimulizi za wakati wa mavuno na misiba ambazo UNESCO inazitambua tangu 2001, weka simu mfukoni kwanza. Omba ruhusa kabla ya kurekodi chochote.

Hatua ya nane: kuendelea mbele

Usirudi Manila kwa njia uliyojia. Kutoka Banaue panda gari la Bontoc, kama saa mbili za milima. Kabla ya hapo, mwenye siku ya ziada aende Hapao, Hungduan, ambako majaruba ni mapana, njia ni rahisi na kuna chemchemi ya maji moto kando ya mto. Mpenda historia ashukie Kiangan, mahali Jenerali Yamashita wa Japani alipojisalimisha tarehe 2 Septemba 1945.

Bontoc yenyewe ni mji wa kupita, isipokuwa jumba la makumbusho. Lala badala yake Maligcong, kijiji cha juu yake, chenye majaruba ya kuta za mawe na wageni wachache sana. Jipni za kwenda huko ni chache kwa siku. Uliza ya mwisho ni saa ngapi kabla hujaagiza chakula. Kisha Sagada, chini ya saa moja kutoka Bontoc: mapango, misonobari, na majeneza yaliyotundikwa kwenye majabali. Yale ni makaburi ya watu. Nenda na mwongozaji aliyesajiliwa na usiyaguse.

Kutoka Sagada basi la Baguio huondoka asubuhi na kupita barabara ya Halsema kwa kama saa sita, likipanda hadi zaidi ya mita 2,200 katika eneo la Atok, katikati ya mashamba ya kabichi. Panda la mapema, kabla ukungu haujashuka. Baguio kwenda Manila ni rahisi, mabasi ni mengi mchana na usiku, saa tano hadi sita.

Ratiba yote inakuwa hivi: usiku mmoja ndani ya basi, mbili Batad, mmoja Maligcong, mbili Sagada, mmoja Baguio. Halafu weka siku nzima tupu Manila kabla ya ndege. Mara yangu ya kwanza sikuiweka. Udongo ulishuka barabarani tukiwa tumetoka Sagada, tukakaa kwenye foleni ya magari mpaka greda lilipofungua njia siku ya pili, na ndege yangu ikaondoka nikiwa bado nakula mahindi ya kuchemsha kando ya Halsema pamoja na abiria wenzangu.